Mkono Uliogeuzwa

Wenzangu darasani kila mmoja alikuwa na sababu ya kuheshimika. Mmoja alitaka kazi ya ofisini, mwingine alitaka kuuza mikeka anayosuka shangazi yake, na kinyozi niliyekaa naye meza moja alitaka saluni yake ionekane mtandaoni. Mwalimu alipofika kwangu nilisema nataka kujiongezea ujuzi. Uongo mtupu. Nilikwenda kujifunza kutengeneza tovuti ili nimkomeshe dada yangu, basi.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nikianzia kwenye hasira sitafika mbali. Mama yetu alikuwa fundi wa magauni ya harusi. Sisemi fundi wa kupunguza suruali, nasema fundi ambaye maharusi walipanga tarehe ya ndoa kwa kumuuliza yeye kwanza ana nafasi lini. Alitufundisha sote wawili kwenye meza yake moja, dada na mimi. Dada alishika sindano kwa mkono wa kulia kama watu. Mimi niliishika kwa kushoto. Mama alipigana na mkono wangu utoto wote: aliufunga kwa kitambaa, aliugonga kwa futi ya mbao, aliubembeleza, mwisho akachoka, akaanza kuniita Shoto, na jina likaganda. Mpaka leo ukiuliza kwa jina nililopewa na baba, jirani atakwambia hamjui mtu huyo.

Macho ya mama yalipoanza kufifia, duka alimwachia dada aliendeshe, nami nikabaki kwenye cherehani ya chumba cha nyuma. Kazi tuligawana bila hata kukaa kikao. Dada alipokea wateja, akapima, akakata. Kukata anajua, hilo simnyimi, ana jicho na ana mkono. Lakini kila kilichohitaji sindano ya mkono, nakshi, pindo, shanga, kililetwa nyuma kwangu, na kilipomalizika kilirudi mbele kwa jina lake.

Ndipo likaja gauni la shanga. Bwana mmoja mkubwa alikuwa anaoza binti yake wa pekee, akataka gauni lishonwe shanga kuanzia begani mpaka kwenye upindo, na zote kwa mkono. Nililishona mimi. Nilishona mpaka nikifumba macho naona shanga. Siku ya harusi picha zilisambaa kila simu, na watu wakaanza kuingia dukani wakiuliza yuko wapi fundi wa lile gauni.

"Ndiye mimi," dada alijibu.

Mara ya kwanza nilimsikia nikiwa nyuma ya pazia, nikadhani anafupisha maneno kwa mteja. Mara ya pili nilitoka. Nikasema mbele ya mteja kwamba gauni limeshonwa na huyu hapa, na nikanyanyua mkono. Dada alicheka, akamwambia mteja mdogo wake anapenda utani. Jioni ile ile vitu vyangu vilikuwa kwenye mfuko mlangoni, na dada akaniambia duka halibebi mabosi wawili, nikatafute maisha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, ambaye alikuwa akiishi nyumbani kwa dada. Nikamweleza yote. Mama alinisikiliza akiwa ameelekea dirishani, maana huko ndiko alikopata mwanga kidogo. Kisha akasema, taratibu, nisimwonee dada yangu wivu. Dada alikwisha kumwambia kwamba nimeichoka sindano, kwamba siku hizi nashinda kwenye kompyuta, kwamba lile gauni niligusagusa tu. Na picha ya mikono ikilishona alionyeshwa, aliiona mwenyewe kwa mbali, mkono wa kulia na sindano yake. Angebishaje?

Halafu akaniambia jambo lililonichoma kuliko kufukuzwa. Mama ana mkasi wake wa kukatia, mzito, wa chuma cheusi, aliopewa na aliyemfundisha. Tangu tukiwa wadogo alisema mkasi ule atampa yule ambaye mkono wake utafanya kazi kubwa kuliko ya kwake. Sasa aliona amempata. Alikuwa anangoja siku inayofaa tu, amkabidhi dada mbele ya watu.

Najua utaniuliza mkasi wa mtu wa mkono wa kulia ungenifaa nini mimi. Usiniulize. Sikutaka duka, sikutaka wateja. Nilitaka mama, kabla macho yake hayajazima kabisa, ajue ni mkono upi ulioshona. Na nilitaka dada awepo akijua.

Basi nikaingia darasani. Mwalimu wetu tulimpa jina la Pambizo, kwa sababu hakuna alichokipenda duniani kama pambizo. Ukimwonyesha ukurasa uliojaa hadi ukingoni alishika kifua utadhani ameibiwa. Alisema ukurasa ni kama chumba cha wageni, ukikijaza viti mgeni atasimama mlangoni. Alitufundisha kwamba vitu vya familia moja vikae karibu karibu, na visivyo na udugu viachane. Kwamba maneno yawe na mstari mmoja wa kuegemea, yasisimame kila moja na lake. Kwamba kikubwa kikiwa kimoja kinaonekana, vikiwa kumi havionekani hata kimoja. Kwamba nafasi tupu si hasara, ndiyo inayomwambia mtu tazama hapa.

Na alikuwa na kipimo chake, ambacho alitufanyisha mpaka tukawa kichekesho kwa madarasa mengine. Kabla ya kusifu ukurasa wowote alituamuru turudi nyuma tufinye macho. Finya, finya zaidi, mpaka maneno yapotee. "Kilichobaki ndicho ukurasa unachosema," alituambia. "Mengine yote ni kelele."

Siku ya kwanza nilipofinya macho hivyo, ubao ukawa vivuli, sura za wenzangu zikawa madoa. Nilijua niko wapi. Hivi ndivyo mama anavyoona dunia sasa, kutwa. Hasomi tena, lakini kilicho kikubwa, chenye nafasi, cheusi juu ya cheupe, anakiona. Nikajisemea, maneno yangu kayakataa, sawa. Nitamsemesha bila maneno.

Tovuti ya dada nilikuwa nimeifungua mara nyingi, kila mara nikaifunga kwa hasira. Ilikuwa vurugu. Jina lake juu kwa herufi nene, jina lake tena katikati likipita mbio, maua kila kona, dada amekaa, dada amesimama, dada anacheka na simu sikioni. Ndani ya msongamano huo kulikuwa na kipicha kidogo kama stempu: mikono miwili ikishona shanga kwenye kifua cha gauni, na chini yake maneno, mikono yangu kazini. Kilipigwa kutoka nyuma ya bega, sura haikuonekana, koti la kazi la bluu tu, ambalo sote tulilivaa. Mikono yetu imefanana, tumeirithi kwa mama. Lakini sindano ilikuwa mkono wa kulia, kwa hiyo nilijua, au nilidhani najua, kwamba dada alikalia kiti changu akaigiza. Mpiga picha aliwahi kuja kunipiga nikishona, na dada aliniambia zile picha ziliharibika.

Sasa sikia. Siku moja Pambizo alitufundisha kuweka picha. Alisema picha ina upande inakotazama, hata kama haina macho. Mkono una uelekeo, gari lina uelekeo, mti ulioinama una uelekeo. Picha ikitazama nje ya ukurasa, msomaji naye anatoka nayo. Kwa hiyo itazamishe ndani, kwenye maneno. Kisha akakunja uso akasema wako wavivu ambao, badala ya kuhamisha maneno, wanaigeuza picha yenyewe, kulia inakuwa kushoto. Wanadhani haionekani. Akatuambia tutazame vifungo vya shati, tutazame saa ya ukutani, tutazame chochote chenye upande wake, picha iliyogeuzwa itajisema.

Sijui ni nini kilichonisukuma. Nilifungua tovuti ya dada pale pale mezani, nikakuza kile kipicha mpaka kikachanikachanika. Mikono. Shanga. Na nyuma ya mikono, kwenye ukungu, cherehani yangu, ikiwa na gurudumu lake upande wa kushoto.

Gurudumu la cherehani liko kulia kwa anayeshona. Sijawahi kuiona cherehani ya namna nyingine, na mama, aliyezifungua na kuzifunga maisha yake yote, hajawahi pia. Picha ilikuwa imegeuzwa. Mkono ule wa kulia haukuwa wa kulia. Ulikuwa mkono wangu wa kushoto, ule ule uliofungwa kitambaa, umegeuzwa ukapewa mwenye nao mwingine. Dada hakuniigiza, nakwambia. Aliniiba nikiwa mzima mzima, akanipindua.

Damu ilinipanda. Kinyozi aliniuliza kama naumwa, nikamwonyesha. Alitazama kidole changu, akatazama gurudumu, akasema neno ambalo siwezi kuliandika. Kwanza nilitaka niirushe picha ile mtandaoni siku hiyo hiyo, na maneno makali chini yake. Kinyozi akanituliza. Alisema watu watasoma maneno makali watasema huyo ana kijiba cha roho, na dada atakwenda kulia kwa mama, na mama atamfuta machozi. Alisema kweli, ingawa kusikia ukweli kwa mtu aliyenyoa upara mwenyewe kulinichekesha.

Mwisho wa kozi shule ilikuwa na desturi. Wenye biashara waliombwa walete tovuti zao mbovu, wanafunzi wanazitengeneza upya bure, kisha kuna siku ya maonyesho ukumbini, kurasa zinamulikwa ukutani na wenye biashara wanakaa mbele kama wageni wa heshima. Ukimtajia dada yangu bure na wageni wa heshima kwenye sentensi moja, huna haja ya kumtajia kingine. Jina la duka nilipoliona kwenye ubao wa matangazo, nilikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. Ule wa kushoto.

Tulifanya kazi wawili wawili, mimi na Kinyozi. Yeye ndiye aliyekwenda kuonana na mteja, mimi sikutajwa. Alirudi ameshika mbavu. Dada alitaka kila kitu kiwe kikubwa, jina kubwa, picha kubwa, maua makubwa. Kuchambua picha aliona kazi, akampa flashi nzima yenye kila kitu cha duka, akamwambia achague mwenyewe. Na ndani ya flashi ile, kwenye kabrasha ambalo hata halikufichwa, ilikuwepo picha yangu kama ilivyopigwa. Kubwa, safi, haijageuzwa. Sindano kushoto. Gurudumu kulia.

Kinyozi alileta na habari nyingine. Dada alikuwa anakuja kwenye maonyesho na mama. Alikuwa ameamua kwamba hiyo ndiyo siku inayofaa: ukurasa mpya ukifunguliwa, mama atamkabidhi mkasi pale pale, mpiga picha atapiga, na picha itaingia kwenye tovuti. Nilicheka mpaka Pambizo akageuka kutoka ubaoni.

Nikakaa nikapanga. Sijawahi kushona gauni kwa uangalifu niliopanga nao ukurasa ule. Kwenye picha ya kweli mikono ilielekea kushoto, ndiyo maana aliyetengeneza tovuti ya zamani, aliyeweka maneno kulia, alipata kisingizio cha kuigeuza. Mimi sikuigeuza picha, niligeuza ukurasa. Maneno yote ya dada niliyaweka, sikupunguza hata moja, asije akasema ameibiwa. Niliyapanga kwenye safu moja nyembamba upande wa kushoto, herufi za kawaida, yakiegemea mstari mmoja kama watoto wa shule. Maua nikayaondoa. Dada amekaa na dada amesimama nikawapeleka kwenye ukurasa wa ndani. Upande wa kulia wote, juu hadi chini, nikauacha kwa picha. Koti la bluu nililikoleza, gauni nikaliacha jeupe, na pembeni nikaweka nafasi tupu kiasi ambacho Pambizo mwenyewe alisogea karibu akavuta pumzi.

Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikafinya macho. Maneno yakapotea, jina la dada likapotea. Vilivyobaki ni vitatu: doa jeupe la gauni, mkono, na duara jeusi la gurudumu.

Lakini dada lazima aukubali ukurasa kwanza. Hapo nilitumia alichotuambia Pambizo siku moja kwa mzaha, kwamba mteja asipopata cha kukataa atakikataa kizuri, kwa hiyo mpe cha kukataa. Nikatengeneza kitufe. Cha waridi linalowasha macho, kikubwa, kinapepesa, kimeandikwa karibuni nyote, nikakibandika chini ya maneno. Pambizo alipokiona alinitazama kwa huzuni. Nikamwambia ni chambo, akaondoka bila kuuliza cha samaki gani.

Kinyozi alimpelekea dada kwenye kompyuta yake. Anasema alisoma neno kwa neno, kidole kiooni, mpaka akafika kwenye kitufe. Hapo akawaka. Nani kamwambia duka lake ni baa? Alikisema kitufe kile kila tusi la heshima analolijua, akataka kiondolewe, na jina lake liongezwe ukubwa kidogo. Kinyozi akanywea, akaomba radhi, akaahidi vyote viwili. Dada akaridhika kwamba amewanyoosha. Ile picha aliipitisha macho akasema nzuri. Mikono alikwishaizoea kuiita yake, hakuitazama tena.

Siku ya maonyesho niliketi nyuma kabisa. Dada aliingia amevaa gauni la kijani lenye nakshi shingoni, amemshika mama mkono. Mama alikuwa na mkasi mapajani, umefungwa kwenye kitambaa cheusi. Aliketishwa mstari wa mbele, karibu sana na ukuta, na nikashukuru moyoni kwa hilo. Tulionana na dada kwa mbali. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama doa kwenye nguo, kisha akageuka.

Zilipita kurasa za wengine, watu wakapiga makofi. Ikafika zamu ya duka letu. Dada aliomba kipaza sauti kabla hata hajapewa. Alizungumza ameupa ukuta kisogo, akiwatazama watu. Alisimulia jinsi alivyolishona gauni la shanga peke yake, jinsi vidole vilivyovimba, jinsi alivyokaribia kukata tamaa. Vidole vyangu! Nilivikunja mapajani nikavibana. Alimaliza kwa kusema leo mama anauona mkono uliomrithi, akanyoosha mkono wake wa kulia kwa mama, tayari kupokea, na mpiga picha akainama.

Kinyozi akabonyeza. Ukurasa ukajaa ukuta mzima.

Mama alinyanyua uso kufuata ule mwanga. Nilimwona akisogeza kichwa nyuma, akifinya macho, vile vile tulivyofanyishwa darasani. Alikaa hivyo kitambo. Mkono wa dada ulikuwa bado umenyooshwa, na tabasamu lake lilianza kuchoka.

"Sindano iko mkono gani?" mama aliuliza.

Dada akageuka kuutazama ukuta. Niliisubiri sura ile tangu jioni niliyokuta mfuko wangu mlangoni, na sitadanganya, ilikuwa tamu. Rangi ilimtoka. Kisha akajikaza, akacheka, akasema kwenye kipaza sauti kwamba hawa wanafunzi wamefanya kosa, wameigeuza picha, kwenye tovuti ya zamani iko sawa. Alisema itarekebishwa leo hii.

"Na gurudumu la cherehani?" mama akauliza. "Naona kama duara jeusi. Liko upande gani?"

Dada aligeukia tena ukuta. Ukumbini walikuwemo mafundi kadhaa, na mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuja kwa shughuli zake, alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anajibu swali la bei sokoni.

"Kulia, dada yangu."

"Basi hawajaigeuza," mama alisema. Akaushusha uso, akakishika kile kitambaa kwa mikono miwili. "Shoto yuko humu?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Kozi nzima nilikuwa nayanoa, na yalikuwa makali, ningempaka dada nayo mbele ya ukumbi mpaka akose pa kuweka uso. Nilipoinuka sikuyahitaji. Nilitembea polepole makusudi, kila mtu anione. Nilipompita dada aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nimemvua nguo mbele za watu.

"Nimekuvika mimi," nilimwambia. "Hata hilo ulilovaa nimelishona mimi."

Aliishika shingo ile ya nakshi, bila kujua, kama imembana.

Nilipiga magoti mbele ya mama. Alinipapasa bega, akashuka mkononi, ule wa kulia akaupita, akautafuta wa kushoto mpaka akaupata. Alivigusa vidole kimoja kimoja, pale sindano inapoacha ugumu. Alisema, kwa sauti ambayo sidhani waliokaa mstari wa pili waliisikia, "Nami mkono huu niliufunga kitambaa." Kisha akaufungua mkasi, akanipa. Taa ya mpiga picha ikamulika. Picha hiyo ninayo: mimi nimepiga magoti, mama ameinama, na pembeni dada amesimama na mkono wake wa kulia umenyooka hewani, mtupu.

Dada aliifunga tovuti wiki hiyo. Mama alihamia kwangu na sanduku lake moja. Mimi nilifungua tovuti yangu, yenye pambizo pana na picha ile ile, na wateja walijua njia. Kinyozi ana ukurasa mzuri kuliko saluni yenyewe. Watu wananiambia basi imetosha, sasa patana na dadako. Imetosha kwao.

Maana dada alituma salamu. Alimtuma Kinyozi, yeye mwenyewe hakuthubutu. Alisema ameomba radhi kwa mama na ataniomba mimi. Alisema yuko tayari kuandika jina langu mlangoni, juu ya lake. Kisha akatoa ombi lake: ana hariri nzito ya kukata, na hakuna mkasi unaoikata sawa isipokuwa ule wa mama, nimwazime siku moja tu, ataurudisha. Nilijua ni kweli, mama alikuwa akimwazima kwa kazi kama hizo. Kukata anajua, na mkasi ule ulitengenezwa kwa mkono kama wake. Nikamwambia Kinyozi amwambie hapana, na asipambe lile hapana kwa neno lolote.

Jana asubuhi nilitandika kitambaa cha bibi harusi mezani. Ninao mkasi wangu wa kushoto, mwepesi, wa kila siku, ulikuwa pale pale karibu na kiwiko. Niliuchukua ule wa mama. Huwa nauchukua. Unaniuma kidole gumba, makali yake yananikimbia, yananisukumia kitambaa badala ya kukikata, ukingo unatoka na meno meno. Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Aliacha alichokuwa akikifanya akainua kichwa, akasikiliza.

"Unatafuna," alisema.

Nilisogeza kitambaa, nikakata tena.

"Mkasi huo ukiwa kwa mwenyewe hausikiki. Huyo dadako akikata, ulikuwa unasikia pumzi yake tu." Akanielekezea uso. "Mpelekee, Shoto. Mimi nimekwisha kujua."

Nilitazama mkono wangu wa kushoto ndani ya chuma kile, kidole kimekuwa chekundu.

"Acha utafune, mama," nilimwambia, nikaendelea kukata mpaka kitambaa kikaisha.